Mwaka Mama Mkwe Wangu Alipozikataa Kuta

Tulikuwa tumekaa katika kijiji kipya mwaka mmoja na miezi michache tu upepo ulipokuja. Kabla ya hapo kila ukoo ulikuwa kwao mabondeni, na migomba yake na makaburi yake, na jirani ulimwita kwa kupiga ukelele kutoka ng'ambo ya kijito. Katikati ya miaka ya sabini serikali ikatuambia tuhame. Tukabeba mikeka, vyungu, kuku na mbuzi jike mmoja, tukapanda hadi kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, mbele ya Makere, juu ya mgongo wa mlima ambako pori lilikuwa limefyekwa lote. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, wima kama watoto wa shule asubuhi. Hapakuachwa mti hata mmoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Mume wangu alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama wanaume wengi wa kwetu Buha wa rika lake. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: mimi, mama mkwe na huyo mdogo.

Mama mkwe alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono mikubwa, na alivuta kiko. Alikuwa mkali kwa watu wote isipokuwa mjukuu wake. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwenye msonge, nyumba ya mviringo iliyo nyasi tupu kuanzia kileleni hadi chini. Kijijini tulitakiwa kujenga nyumba ya pembe nne, ya fito na udongo. Tuliijenga upesi kwa sababu tarehe ilikuwa imetajwa, kwa miti mibichi na udongo uliokandwa na wanawake waliochoka. Ilipokwisha, mama mkwe aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hiki kitu kizito. Kikianguka kitatua juu ya nani?"

Nikacheka. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba, na nyumba yenye pembe nne niliiona ni maendeleo.

Ilikuwa Machi, kama saa tisa alasiri. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele na maharage yamefunga. Nilikuwa nimeteremka kisimani na ndoo ya bati, nimemwacha mtoto amelala ndani na bibi yake. Njiani kupanda niliona wingu likitoka upande wa Burundi, jeusi chini na juu rangi ya kijani kama jani la tumbaku bichi. Kisha ukaja mvumo. Nilidhani ni lori. Nikasogea pembeni mwa njia kulipisha, na hapo upepo ukanichukua. Ndoo iliniponyoka, nikaanguka, nikatambaa hadi nyuma ya kichuguu kikubwa. Nilimkuta jirani yetu pale, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa amevuka mpaka miaka michache nyuma na mkewe. Alikuwa amejikunyata na jembe lake.

Mvua ya mawe ikaanza. Nilikuwa nimewahi kuona barafu ndogo ndogo kama punje za mahindi. Hii ilikuwa kama mayai ya kuku. Niliinuka nikimbilie nyumbani, yule jirani akanishika kwa nguvu.

"Mtoto wangu yuko ndani!"

"Mke wangu naye yuko ndani," alisema. "Ukitoka hapa watakukuta umekufa, na yeye hutakuwa umemsaidia."

Kutoka pale nilipolala niliweza kuona mstari wetu wa nyumba. Niliona paa la kwanza likiinuka kama kofia, likasimama hewani, likapasuka. Kisha la pili. Nyumba yetu ilikuwa ya nne. Nilihesabu. Paa letu liliponyanyuka nilifumba macho, na nilipoyafumbua ukuta wa mbele haukuwepo. Nililala pale nikiwa nimeziba kichwa kwa mikono, mzima, nisiye na jeraha, nikiitazama nyumba yenye mtoto wangu ikianguka. Jambo hilo nimelieleza kwa watu wengi, na wote husema hakukuwa na la kufanya. Ni kweli. Lakini kujua hivyo hakujanipunguzia kitu.

Haikuchukua hata nusu saa. Ilipokwisha, kijiji kizima kilikuwa cheupe, barafu imejaa kwenye matuta hadi vifundoni. Hapakuwa na sauti. Hata kuku hawakulia. Nilikimbia bila viatu, nikaanza kuchimba kwa mikono pale ulipokuwa mlango wetu, na jirani yangu akapita akikimbilia kwake. Nilipoondoa fito za kwanza niliisikia sauti ya mama mkwe chini, imetulia, kama ananituma chumvi.

"Punguza upande wa kushoto. Mtoto yuko chini yangu."

"Mama, umeumia?"

"Mtoe mtoto kwanza. Maneno baadaye."

Alikuwa amepiga magoti na viwiko juu ya mtoto, na ukuta ukawa umemlalia mgongoni na kiunoni. Mtoto alitoka akiwa na vumbi kwenye nyusi na analia kwa hasira, bila hata mkwaruzo. Bibi yake alipojaribu kunyoosha mguu wa kulia alipiga ukelele ambao sikujua angeweza kuupiga. Yule jirani akarudi. Mkewe alikuwa mzima, amejificha chini ya kitanda. Tulimtoa mama mkwe watu watano, na kila tulipomgusa alituapiza.

Kesho yake wanaume wakamfunga kwenye machela ya mianzi. Gari halikuweza kupita, miti ilikuwa imelala barabarani kila hatua. Walimbeba kwa zamu hadi Kasulu, na jirani yangu hakukubali kupokewa zamu hata mara moja. Njiani nilimwambia arudi akashughulikie nyumba yake.

"Nyumba gani?" alisema. Tulisikilizana bila shida, Kirundi chake na Kiha changu ni ndugu. "Kwetu nilikimbia watu, nikaja huku. Upepo nitaukimbia niende wapi? Acha nibebe."

Hospitalini waliniambia nyonga imevunjika. Walimfunga kamba mguuni, wakaning'iniza mfuko wa mchanga mwisho wa kitanda ili mguu uvutike, wakasema angelala hivyo wiki saba. Wiki saba kwa mtu ambaye hakuwahi kuonekana amelala mchana. Siku ya pili aliomba kitanda kisogezwe mbali na ukuta. Muuguzi alidhani ni jeuri ya kizee, akakataa. Usiku ule hakulala, na wa kufuata pia. Siku ya nne wakamsogeza katikati ya wodi, kila mtu akawa anapita akigonga ule mfuko wa mchanga na yeye anakunja uso kwa maumivu, lakini akalala.

Mimi na mtoto hatukuwa na pa kukaa. Mwanamke mmoja, mke wa mwenye duka la vitambaa pale mjini, aliniona nimekaa kibarazani pake siku mbili mfululizo, akanifungulia chumba cha uani walichowekea magunia. Alikuwa mtu wa pwani, wa kusini kabisa, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata nikaona aibu kufungua kinywa. Changu kilikuwa cha shuleni, cha kukariri.

"Pole, mwanangu. Mmepatwa na nini huko?"

"Upepo, bibi."

"Upepo tu? Huku bara?"

Nilipomsimulia aliacha kuchambua mchele. Akaniambia kwao alipokuwa msichana kiliwahi kuja kimbunga kutoka baharini. Alisema minazi ililala yote upande mmoja, maji yakaingia hadi msikitini, na walikula mizizi.

"Mlipona lini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Kula, tulianza kula vizuri mwaka wa pili. Nyumba, mwaka wa tatu. Baba yangu hakurudi kuwa yule wa zamani. Alikuwa anakaa tu." Kisha akaurudia mchele wake, kama anayejuta kuniambia.

Nikamwandikia mume wangu barua. Nilieleza yote: nyumba, mahindi, mama, mfuko wa mchanga. Nikaituma, nikawa naulizia posta kila wiki. Jibu lilikuja mwishoni mwa Aprili. Nilifungua pale pale mlangoni. Lilisema: "Barua yako nimepata. Nimefurahi kusikia kuwa nyote hamjambo na mahindi yamestawi. Je, yule mbuzi amezaa?" Alikuwa anajibu barua niliyoiandika Februari. Mbuzi huyo tulimkuta siku ya pili ya maafa, amekufa chini ya fito za zizi, na ndani alikuwa na wana wawili.

Mei mwanzoni tukaruhusiwa kurudi. Mama mkwe alipewa magongo mawili, na hakuweza kuyatumia. Mguu ulikuwa umeunga, lakini umekuwa mfupi, na kila alipojaribu kuukanyagia, nyonga ilikataa. Aliyemtibu alikuwa mtu mpole. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba kwa umri ule ndivyo ilivyo, na nisimlazimishe.

Nilitegemea kukuta kijiji kimesimama kidogo. Nilikuta vibanda vya matawi na majani ya migomba yaliyochanika, vinavuja kila upande, na mvua za mwisho zilikuwa bado hazijaisha. Watu walikuwa wamejenga upya kuta za nyumba zao, lakini kuta zisizo na paa, kwa sababu nyasi za kuezekea hazikomai mpaka kiangazi. Zikikatwa Aprili huoza. Kwa hiyo mvua ikawa inazinyeshea kuta hizo, zinamomonyoka, watu wanazikanda upya, zinamomonyoka tena. Mikono ilikuwapo, na miti ilikuwapo. Nyasi ndiyo tuliyoingoja, na nyasi haina haraka ya mtu.

Wazee na wagonjwa walikuwa wamewekwa katika ghala la kijiji, lililobakiwa na nusu ya mabati yake. Lori lilikuwa limekuja mara moja na unga wa msaada, wa mahindi ya njano, ambao watu waliuogopa kwanza, wakaupika baadaye. Jirani yangu alikuwa ametutunzia fungu letu kwenye debe, juu yake ameweka jiwe.

"Panya," alisema kwa aibu, kana kwamba panya walikuwa kosa lake.

Unga ulipokwisha tulirudi kwenye mihogo ya zamani. Kule mabondeni tulikotoka, mihogo yetu ilikuwa bado ardhini, na bonde lilikuwa limekingwa na mlima, upepo ulipita juu yake. Kila wiki nilitembea saa mbili kwenda kuchimba na saa mbili na nusu kurudi. Na kila niliporudi mama mkwe aliniuliza swali lile lile.

"Umepita kwa mzee?"

Alimaanisha kaburi la mumewe.

"Nimepita, mama."

"Migomba ya pale?"

"Imesimama."

Siku moja hakuuliza. Alisema tu, "Nipeleke. Nijengee kibanda pale, niachie moto na mihogo. Wewe uwe unakuja."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Naye alikuwa analala katika ghala lile lile, upande wa pili wa magunia matupu, kwa hiyo sikutembea hatua ishirini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada yangu," alisema, "nikimruhusu mmoja, kesho kijiji kizima kiko mabondeni. Watanijia watu wa wilaya, wataniuliza nimelinda nini."

"Ni bibi kizee tu. Hawezi hata kusimama."

"Najua. Nami baba yangu amelala kule." Alijikuna ndevu. "Usidhani nalala bila kuwaza. Lakini sina namna."

Nilimwamini. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya, ningepata wa kumkasirikia.

Julai nyasi zikakomaa. Kwa wiki mbili kijiji kizima kilikuwa porini kinakata, na kila jioni mstari wa wanawake ulipanda na mizigo hata usione nyuso zao. Watu walianza kucheka tena. Jirani yangu na wenzake walituezekea mapema, nyumba yetu ikiwa ya tatu kwa zamu, kwa sababu ya mgonjwa. Nyumba ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, nguzo zimezama vizuri. Nilifagia, nikatandika, tukambeba mama mkwe kutoka ghalani.

Alipofika mlangoni alishika nguzo kwa mikono ile mikubwa, akakataa kuiachia.

"Mama, ni nyumba yako."

"Ina kuta."

"Mbona ghalani ulikaa?"

"Ghalani nilikaa katikati. Humu katikati iko wapi?"

Alikuwa anasema kweli. Chumba kilikuwa kidogo, popote ulipolala ukuta ulikuwa kwenye urefu wa mkono. Siku ile ya kwanza nilimlazimisha. Nilivitoa vidole vyake kwenye nguzo kimoja kimoja, nikamburuta ndani kwa kwapa, huku mtoto wangu anatazama. Alilia hadi sauti ikakauka. Asubuhi nilikuta amejikokota kwa viwiko hadi nje, amelala uwanjani kwenye umande, amejifunika kanga yangu. Ikawa hivyo wiki nzima. Jioni namwingiza, alfajiri namkuta nje. Nilimpigia kelele. Mara moja nilimwinulia mkono, nikauteremsha. Yeye aliutazama tu ule mkono.

Jirani yangu ndiye aliyekuja siku ya nane na mzigo wa mianzi. Hakuniuliza. Alianza kuchimba vishimo vya mviringo mbele ya nyumba yetu, na kufika jioni ya pili msonge mdogo ulikuwa umesimama, nyasi tupu kuanzia juu hadi chini. Mama mkwe aliingizwa, akapapasa nyasi kwa viganja, akaomba kiko chake.

Lakini ulikuwa umetokeza mbele ya mstari. Mwezi wa Septemba bwana mmoja kutoka wilayani alikuja kukagua ujenzi mpya, amevaa suti ya kaunda, na mwenyekiti akimfuata nyuma. Mimi nilikuwa natwanga. Alisimama mbele ya msonge.

"Hiki nini? Si tulisema nyumba hizi hatuzitaki?"

Mwenyekiti hakuniangalia. "Banda la kuku, mzee."

"Kubwa hivi?"

"Wana kuku wengi."

Sikuwa na hata kuku mmoja. Nilijua kwamba akiinama tu atamwona mama mkwe. Ndani hapakusikika hata kikohozi, na yeye alikuwa mtu wa kukohoa. Yule bwana akasema banda la kuku haliwekwi mbele ya nyumba, lihamishiwe nyuma, akaenda zake.

Nilipoingia nilimkuta amejifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Wameondoka, mama."

"Nimesikia." Akaishusha kanga. "Basi mimi sasa ni kuku."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Tulihamisha msonge nyuma kesho yake, na kule nyuma hakuwa anaona barabara wala watu wanaopita, ila shamba langu la mahindi na choo cha jirani. Kuanzia hapo alipunguza maneno. Nilimpelekea chakula, nikamkanda nyonga kwa mafuta ya mawese, nikamsimulia habari za kijiji, na yeye alijibu "ndiyo" na "aha". Sikujua nifanye nini zaidi ya hapo, na hata leo sijui.

Mume wangu alikuja Desemba. Alikuwa amenunua kitambaa cha suruali na redio ndogo. Alizunguka nyuma ya nyumba kumwamkia mama yake, akakaa humo hadi chakula kikapoa. Alipotoka aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuandikia."

"Uliandika ameumia mguu."

Nilitafuta maneno ambayo ningeweza kuyaweka katika barua ile yakafika Tanga yakiwa na uzito wake, sikuyapata. Alikaa wiki tatu, akatengeneza mlango, akaondoka. Mkataba wake ulikuwa haujaisha.

Machi ikarudi. Mahindi yalikuwa mazuri mwaka ule, bwana shamba alikuwa ametuletea mbegu, na mgeni aliyepita barabarani angeona kijiji kilichopona. Lakini kila alasiri wingu jeusi lilipotokea upande wa Burundi, watu walitoka ndani. Hakuna aliyeamrisha. Walitoka na watoto wao, wagonjwa wao, wakaenda kusimama uwanja wa mpira, mbali na kila ukuta, wakaloa. Nami nilikuwa namfunga mwanangu mgongoni, namwinua mama mkwe na jirani yangu, tunamketisha kwenye kigoda katikati ya umati. Tulisimama hapo mia na zaidi, mvua ya kawaida inatunyeshea, tukitazama nyumba zetu nzima. Kisha mvua inaisha, mtu mmoja anaanza kwenda, wengine wanafuata.

Siku moja katika zile mama mkwe alinishika mkono tukiwa pale uwanjani. Maji yalikuwa yanamchuruzika puani.

"Ukija upepo mwingine," alisema, "mchukue mtoto. Mimi niache."

"Usiseme hivyo, mama."

"Sema utaniacha."

Mtoto alikuwa mzito mgongoni, na bibi yake ananingojea, amenikazia macho. Nilisema nitamwacha. Akaachia mkono wangu, akageuka kutazama wingu, na nikaona kwamba nimempa kitu alichokitaka.

Haukuja upepo mwingine. Aliishi mpaka kiangazi cha mwaka uliofuata, akafa kwa homa, mchana, ndani ya msonge wake. Mwenyekiti alitupa ruhusa ya kumpeleka bondeni kwa mumewe, na jirani yangu alibeba machela upande wa mbele.